Nyumba ya magurudumu na betri iliyomtoa mjomba jasho

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA saa nane za usiku mjini Isiolo friji iliponyamaza.

Hatukuamshwa na kelele bali na ukimya. Mkewe mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi kitandani. Akapapasa ukutani akitafuta swichi ya taa, akaibonyeza, na giza likabaki vile vile.

"Mzee, friji imezima," akasema.

"Betri imechoka kidogo," mjomba akajibu huku akijigeuza. "Jua likichomoza itapata nguvu."

Kwa watu wengi, friji kuzima usiku ni hasara ya maziwa na nyama. Kwa mama huyu lilikuwa jambo jingine kabisa. Anaugua kisukari, na ndani ya friji ile, chini ya sukumawiki na pakiti za maziwa, mlikuwa na dawa yake ya insulini ya miezi miwili.

Kesho yake springi ya nyuma ilikatika karibu na Laisamis. Tulishinda pale kutwa nzima huku mafundi wakihangaika chini ya gari. Friji iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Kufikia alasiri ndani ya basi kulikuwa kama tanuri la kuokea mikate.

Tulipowasili Marsabit, mfamasia alizitazama zile chupa, akauliza zilikaa katika joto kwa muda gani, kisha akatikisa kichwa. Alimshauri mama asijidunge hata tone moja. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikipata joto kali hupoteza nguvu, na si rahisi kulijua hilo kwa kuitazama tu.

Dawa nyingine ilinunuliwa siku hiyo hiyo. Lakini njiani kurudi Nairobi mama alitoa uamuzi wake, na uamuzi ulikuwa mmoja: hangeingia tena ndani ya basi lile mpaka liwe na umeme wa kuaminika.

Hivyo ndivyo mwandishi wa makala haya alivyojikuta akizunguka na mjomba wake katika maduka ya Luthuli Avenue na River Road, daftari mkononi, akitafuta jibu la swali ambalo familia nyingi mjini hujiuliza siku hizi: ni paneli ngapi za sola zinatosha, na ni betri ipi ya kununua?

NYUMBA INAYOTEMBEA

Mjomba wangu aliendesha mabasi ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, wengi walitarajia arudi shambani afuge kuku. Badala yake alinunua basi kuukuu lenye urefu wa mita 10, akang'oa viti vyote isipokuwa vinne, na kulipeleka kwa mafundi wa jua kali kule Kariobangi.

Miezi minne baadaye lilikuwa na kitanda cha watu wawili, vitanda viwili vidogo vya wageni, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na kijichumba cha kuogea. Watoto wao wametawanyika pembe nne za nchi: mmoja Marsabit, mwingine Kitale, mwingine Malindi. Wazo la wazee hawa lilikuwa kuwazungukia wajukuu bila ya kuwa mzigo kwa mtu.

Katika nchi za Ulaya na Marekani magari ya namna hii ni jambo la kawaida. Wastaafu wengi huishi ndani yake kwa miezi, na kuna viwanja maalumu vya kuegesha ambako mtu huchomeka waya wake katika soketi na kupata umeme. Huku kwetu viwanja hivyo ni haba. Mwenye nyumba ya magurudumu hana budi kutegemea soketi iliyo juu mbinguni, yaani jua.

Na jua, msomaji, tunalo. Aidha Kenya si mgeni katika teknolojia hii. Paneli za kwanza za silikoni zenye manufaa zilionyeshwa hadharani na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954. Miaka 30 baadaye, mwaka 1984, wataalamu wawili Wamarekani, Harold Burris na Mark Hankins, walishirikiana na mafundi wa Meru kutia taa za sola katika Shule ya Upili ya Karamugi, mahali ambapo nguzo za umeme hazikuwa zimefika. Muda si muda walimu na wakulima wa maeneo hayo wakaanza kununua paneli zao wenyewe ili wapate mwanga na kutazama televisheni.

KOSA LA KWANZA

Basi mjomba alikosea wapi? Alikuwa na paneli moja ya wati 100 aliyoifunga juu ya paa, na betri moja aliyopewa na rafiki yake mwenye lori. Waya zilitoka katika paneli moja kwa moja hadi kwenye betri, bila ya kifaa chochote cha kudhibiti chaji.

Fundi tuliyempata mwishowe, kijana mpole mwenye maneno machache, alicheka aliposikia habari hiyo.

"Mzee, hiyo betri ni ya kupiga stata," akasema. "Wewe ulikuwa unaifanyisha kazi ya punda ilhali ni farasi wa mbio."

Maelezo yake yalikuwa haya. Betri ya gari ina bamba nyembamba nyingi ndani yake. Imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Ukiinyonya polepole usiku kucha hadi mwisho, bamba hizo huharibika upesi. Betri ya sola ina bamba nene zinazovumilia kutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Lakini hata angekuwa na betri bora, paneli yenyewe haikutosha. Friji yake hula takribani wati-saa 600 kwa siku katika sehemu za joto. Paneli ya wati 100 juu ya paa la gari huleta kama wati-saa 350 tu. Kila siku betri ilikuwa ikidaiwa 250 ambazo hazikurudishwa. Mwajiriwa anayetumia zaidi ya mshahara wake hufilisika hivyo hivyo.

ANZA NA KALAMU, SI DUKA

Somo la kwanza tulilopata ni kwamba mtu asikanyage dukani kabla hajaandika orodha ya vyombo vyake. Kila chombo huandikwa wati zake, halafu zinazidishwa kwa saa ambazo kitawaka. Jawabu ni wati-saa. Ukifikisha wati-saa 1,000 hiyo ni yuniti moja, ile ile unayoilipia katika umeme wa nyumbani.

Tuliketi mezani, mjomba, mkewe na mimi, tukaandika yafuatayo kwa siku moja:

Friji ya betri: 600.
Feni mbili za wati 20, saa nane usiku: 320.
Taa sita za wati 5, saa nne: 120.
Simu za mkononi na kompyuta ndogo: 120.
Televisheni ya wati 30, saa tatu: 90.
Pampu ya maji ya wati 60, nusu saa: 30.

Jumla ni wati-saa 1,280. Kwa kuwa nguvu fulani hupotea njiani katika waya na vifaa, fundi alituambia tuongeze robo. Tukapata 1,600.

Hapo ndipo mabishano yalipozuka. Mjomba alitaka aongeze pasi ya umeme, birika la umeme na spika kubwa za muziki, kwani dereva wa basi hawezi kusafiri kimya. Mkewe alichukua kalamu.

Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa hula wati-saa 500, karibu sawa na friji inavyokula kutwa. Birika la wati 2,000 ni balaa zaidi. Vyote viwili vilipigwa mstari. Chai ingechemshwa kwa gesi, na nguo zingekunjwa vizuri chini ya godoro. Spika, mama akasema, zingejadiliwa siku nyingine.

Kanuni ni hii: chombo chochote kinachozalisha joto ni adui wa betri. Kupika, kupiga pasi na kuchemsha maji ya kuoga ni kazi ya gesi au makaa.

PAA LA BASI NI SHAMBA

Ukishajua matumizi, sasa waweza kuhesabu paneli. Jua la Kenya likikusanywa kutoka asubuhi hadi jioni, katika sehemu nyingi ni sawa na saa nne hadi sita za jua la utosini. Lakini paneli ya wati 200 haitoi wati 200 saa zote hizo. Vumbi, joto na waya hupunguza. Kwa paneli iliyolazwa juu ya gari, ni busara kutegemea asilimia 70 tu.

Fundi wetu hakutaka tupige hesabu kwa jua la Januari. Alisisitiza tupige kwa mawingu ya Julai, na akachukua saa tatu na nusu badala ya tano. Kwa kiwango hicho paneli nne za wati 200, yaani wati 800 kwa jumla, huleta karibu wati-saa 1,960 kwa siku. Mahitaji yetu ni 1,600. Palibaki akiba kidogo, na akiba haiozi.

Paneli ya wati 200 ina ukubwa wa takribani mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la basi lilizimeza zote nne bila ya shida. Kuna mambo machache ya kuangalia hapa.

Kwanza, usiigandishe paneli juu ya bati. Iache ipate upenyo wa hewa chini yake. Paneli hupenda mwanga lakini huchukia joto: kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 huipunguzia nguvu karibu asilimia 0.4. Ikifika nyuzi 65, jambo la kawaida juu ya bati, umepoteza asilimia 16.

Pili, jihadhari na kivuli. Kivuli cha mlingoti wa antena au sanduku la mizigo kikiangukia kona moja tu chaweza kushusha sana nguvu ya paneli nzima. Mwenye nyumba ya magurudumu ana mtihani wa kila siku: akiegesha chini ya mwarobaini atapata baridi lakini atanyimwa chaji, akiegesha juani atapata chaji lakini atatoka jasho. Mjomba sasa huegesha juani hadi saa tisa, kisha husogea kivulini.

Tatu, osha vumbi asubuhi mapema kabla vioo havijapata moto. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja kubwa ya kuinamisha paneli kama wafanyavyo Ulaya wakati wa baridi, kwani jua letu hupita karibu na utosi.

Nne, usidanganywe na kibandiko. Paneli nzuri za leo hutoa kama wati 200 au zaidi kidogo kwa kila mita ya mraba. Ukiuziwa kipande cha ukubwa huo na kuambiwa ni wati 400, rudisha pesa mfukoni uende zako.

BETRI: RISASI AU LITHIAMU?

Sasa tumefika penye kiini cha mambo, na penye pesa nyingi. Fikiria paneli kuwa mvua na betri kuwa tangi la maji. Mvua ikinyesha mchana, tangi ndilo litakalokunywesha usiku. Tuliamua tangi letu litoshe siku mbili bila ya jua, yaani wati-saa 3,200.

Madukani kuna koo mbili kubwa za betri.

Ukoo wa kwanza ni betri za risasi na asidi. Ziligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na bado zipo. Kuna zile zenye vifuniko, ambazo huongezwa maji safi ya betri, na kuna zilizofungwa kabisa zisizohitaji maji.

Sifa yake ni kwamba zinajulikana. Kila mji una fundi anayezielewa. Kasoro yake ni kwamba hazipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Ukinunua tangi la lita 100, umeruhusiwa kutumia 50. Zikiachwa muda mrefu bila ya kujazwa hadi juu, bamba zake hushika utando mgumu na uwezo hupungua. Na joto huziua: kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu.

Isitoshe, zile za maji hutoa gesi ya hidrojeni wakati wa kuchajiwa, gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Usiziweke kamwe chini ya kitanda au katika kabati lisilo na tundu la hewa.

Ukoo wa pili ni lithiamu. Betri hizi ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu ya betri hizo. Aina inayofaa nyumba na magari ya kulala ni ile yenye chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Hiyo ni tulivu zaidi kuliko lithiamu ya simu za mkononi na si nyepesi kushika moto.

Lithiamu ya aina hii hukubali kutumiwa asilimia 80 bila ya kulalamika. Hujaa upesi, na haidhuriki ikikaa nusu. Ndani yake mna saketi ndogo ya ulinzi inayoikinga isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa. Lakini saketi hiyo ikikata, umeme wote hukatika ghafla, bila ya taa kufifia kwanza kukuonya. Aidha haifai kuchajiwa ikiwa katika baridi ya barafu, jambo ambalo huwasumbua zaidi wasafiri wa Ulaya kuliko sisi.

Tulizilinganisha kwa basi letu lenye mfumo wa volti 24. Kwa risasi, wati-saa 3,200 zilihitaji betri yenye 6,400 kwa kuwa nusu haiguswi. Betri za volti 12 zenye ampea-saa 200 huunganishwa mbili mbili kupata volti 24. Mbili hazikutosha, ilibidi ziwe nne. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 60, jumla kilo 240. Hao ni abiria watatu wanene wasiolipa nauli.

Kwa lithiamu, betri moja ya volti 25.6 na ampea-saa 200, yenye wati-saa 5,120, ilitosha na kubakiza. Uzito wake ni chini ya robo ya zile nne.

"Lakini bei!" akalalamika mjomba, ambaye kila shilingi ilikuwa ikitoka katika malipo yake ya uzeeni.

Fundi akamwonyesha hesabu ambayo kila mnunuzi angefaa kuijua. Usitazame bei ya betri, tazama bei ya yuniti itakazokupa maishani mwake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Betri nne za risasi zigharimu shilingi 100,000. Zitatoa yuniti 4.8 kila mara zikitumiwa nusu, kwa mara 600 hivi. Hizo ni yuniti 2,880, sawa na shilingi 35 kwa yuniti.

Lithiamu igharimu 150,000. Itatoa yuniti 4.1 kila mara, kwa mara 2,500, na nyingi huahidi zaidi ya hapo. Hizo ni yuniti 10,250, sawa na shilingi 15 kwa yuniti. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Hata hivyo, si kila mtu anahitaji lithiamu. Kinyozi au mwenye duka ambaye stima humpotea mara moja kwa wiki hatafikisha mara 600 hizo kwa miaka mingi. Huyo betri ya risasi yaweza kumfaa, mradi aitunze na kuijaza. Mwanafunzi anayetaka taa moja na kuchaji simu chumbani anahitaji kifaa kidogo tu cha mkononi.

Ila kwa mtu atakayeitumia betri kila usiku wa maisha yake, na dawa yake imo ndani ya friji, chaguo lilikuwa wazi. Mjomba alilipa lithiamu.

Ushauri mmoja zaidi: ukinunua ya risasi, iinue. Betri ya volti 12 inayodai ampea-saa 200 lakini ina uzito wa kilo 30 inakudanganya. Risasi haina wepesi.

WAYA, FYUZI NA FUNDI

Watu hugharimia paneli na betri, kisha hubana senti kwenye waya. Hapo ndipo moto huanzia.

Wati 800 katika volti 12 ni ampea 67 hivi. Katika volti 24 ni ampea 33 tu. Ampea zikipungua nusu, nguvu inayopotea katika waya ule ule huwa robo. Ndiyo sababu gari kubwa hufaa kutumia volti 24. Hata hivyo waya ni lazima uwe mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya.

Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji. Aina iitwayo MPPT huvuna nguvu zaidi kuliko ile ya bei nafuu iitwayo PWM. Tulitumia ya ampea 40. Ni muhimu kidhibiti kipangwe kulingana na aina ya betri, kwa sababu risasi na lithiamu hazichajiwi kwa volti sawa.

Mjomba pia alitaka betri ipate chaji injini inapowaka. Hilo lawezekana, lakini si kwa kuunganisha waya tu. Lithiamu yenye njaa hunywa umeme mwingi kiasi cha kuichoma altaneta. Kati yake huwekwa chaja maalumu inayopima kiasi cha kupita. Betri ya kupiga stata nayo huachwa peke yake, ili hata ukikesha na taa, injini bado iwake asubuhi.

Kuhusu fundi, usiogope kumwomba leseni. Mafundi wa sola nchini hupewa leseni na halmashauri ya kawi na petroli, EPRA. Na mwenye kugeuza basi kuwa nyumba asisahau kwamba badiliko hilo lahitaji kuandikishwa na gari kukaguliwa upya na NTSA.

BETRI KUUKUU HUENDA WAPI?

Ile betri ya lori ilibaki nyuma ya nyumba ya mjomba, na vijana wa vyuma chakavu walikuwa tayari kuinunua. Mkewe alikataa.

Wasomaji watakumbuka kisa cha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza vita hivyo baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mnamo 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Betri isivunjwe uani wala asidi yake kumwagwa mtaroni. Irudishe kwa muuzaji anayepokea kuukuu. Wengi hukupunguzia bei ya mpya.

SAFARI YA PILI

Mwezi wa Julai tulisafiri tena, mara hii kwenda Kitale. Karibu na Timboroa ukungu ulitufunika. Mvua nyembamba ilinyesha siku mbili mfululizo, nasi tukaegesha huko huko kwa kuwa barabara haikuonekana.

Asubuhi ya pili mjomba aliamka kabla ya jogoo, akaenda kuangalia kipimo cha betri kama mtu anayeenda kusoma matokeo ya mtihani. Kilionyesha asilimia 74.

Mkewe hakukiangalia kipimo hicho. Alifungua friji, akatoa kipimajoto kidogo alichokiweka kando ya dawa yake, akakisoma kwa mwanga wa taa. Nyuzi 5. Akakirudisha, akafunga mlango wa friji, akabandika chai jikoni.

"Sasa," mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "nadhani tunaweza kuzungumza habari ya zile spika."

Mama akamsukumia kikombe cha chai, na juu ya kisahani chake akaweka kalamu.

"Andika kwanza wati zake," akamwambia.